Ukame wa Waliotutangulia na Visima Vyetu Vinavyoingia Chumvi



Maswali yanayotufikia kuhusu hali ya hewa yamebadilika. Zamani tukiulizwa zaidi namna ya kuswali Swala ya kuomba mvua. Sasa tunaulizwa: kisima cha mtaa kimeingia chumvi, je, maji yake yanafaa kutawadhia? Jirani mwenye kisima kirefu na pampu anauza maji kwa ndoo, je, anaruhusiwa kumnyima asiyekuwa na pesa? Bonde la mpunga tulilorithi kwa wazee limeingiwa na bahari, je, haya tunayoyaona ni adhabu?

Swali la kwanza ni jepesi. Maji ya bahari ni tohara, na kisima kilichoingia chumvi hukumu yake ni hiyo hiyo. Hayo mawili mengine yanahitaji tutazame nyuma. Sisi si umma wa kwanza kubadilikiwa na mvua, na Qur'ani imetuamrisha mara nyingi tutembee katika ardhi tuangalie mwisho wa waliotutangulia ulikuwaje. Basi tuwaangalie.

Saba: bustani mbili na ukuta mmoja

Kila aliyesoma Surat Saba anaijua habari ya watu waliopewa bustani mbili, kuliani na kushotoni, kisha wakapuuza, wakaletewa mafuriko, na mahala pa bustani pakabaki miti ya matunda machungu na mikunazi michache. Mji wao ni Maarib, Yemen, na mabaki ya bwawa lao yanaonekana mpaka leo. Ukuta wake ulikuwa na urefu wa takriban mita 600. Ulizuia maji ya mvua yanayoshuka milimani kwa msimu na kuyagawa mashambani, na ulifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 1,000.

Wataalamu wa leo wamepata ushahidi wa upande mwingine wa habari za eneo hilo. Katika pango la Hoti, kaskazini mwa Oman, kuna mawe yanayoota sakafuni kidogo kidogo kwa matone ya maji, na kila tabaka la jiwe linahifadhi alama ya mvua ya wakati wake. Utafiti uliotolewa mwaka 2022 uliyasoma matabaka hayo na kukuta ukame mkali sana mwanzoni mwa karne ya 6, hasa kati ya miaka ya 500 na 530. Huo ndio wakati dola ya Himyar, iliyotawala Yemen baada ya Saba, ilipoanguka.

Lakini ukame haukuiangusha dola hiyo peke yake. Watawala wake walikuwa wakipigana, na mfalme wao Dhu Nuwas aliwaua waumini wa Najran, tukio ambalo wafasiri wengi wanalihusisha na watu wa mahandaki ya moto waliotajwa katika Surat al-Buruj. Wahabeshi wakavuka bahari mwaka 525 na kuichukua nchi. Mwaka 548 Abraha, yule yule wa simulizi za Mwaka wa Tembo, aliandika kwenye jiwe namna alivyokusanya watu kulikarabati bwawa la Maarib lililobomoka. Alifanikiwa kwa muda. Kabla karne hiyo haijamalizika, bwawa lilibomoka kwa mara ya mwisho na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kulijenga tena. Watu wakatawanyika.

Bwawa kubwa kama lile lilihitaji dola ya kukusanya maelfu ya mafundi kila linapopasuka. Dola ilipokosa utulivu, ukuta ukakosa mtu wa kuuangalia, na mvua iliyowahi kuwa neema ikawa ndiyo inayoubomoa.

Jirani zao wa Oman walikuwa na njia nyingine. Falaj ni mfereji unaochukua maji ya ardhini au ya chemchem na kuyapeleka kijijini kwa mteremko mdogo, bila pampu. Kuna aflaj zipatazo 3,000 zinazotumika hadi leo. Maji yake hugawiwa kwa zamu. Mchana zamu zilipimwa kwa kivuli cha jua, na usiku kwa nyota. Kila mwenye hisa anaijua zamu yake, zipo hisa za wakfu kwa ajili ya msikiti, na mapato ya baadhi ya hisa hurudi kuutengeneza mfereji wenyewe. Wengi wetu visiwani tuna mababu waliotoka katika vijiji hivyo. Serikali ngapi zimepita Oman, na falaj zimebaki, kwa sababu wanaozisafisha ndio wanaozinywa.

Madina, mwaka wa majivu

Mwaka wa 18 Hijria, sawa na 639, Hijazi ilikosa mvua kwa muda wa miezi tisa hivi. Upepo ulikuwa ukirusha vumbi kama majivu, ndiyo maana wakauita Mwaka wa Ramada. Mifugo ikafa. Mabedui wakaja Madina kwa maelfu, wakapiga kambi pembezoni mwa mji.

Sayyidna Umar (R.A.) aliomba mvua, na akamtanguliza al-Abbas, ami yake Mtume (S.A.W.), katika dua. Hadithi hiyo imo katika Sahihi al-Bukhari. Mara nyingi tunaisimulia hapo tukaishia hapo. Tusome na mengine aliyoyafanya.

Aliwaandikia magavana wake akiwataka chakula haraka. Wanahistoria wanaeleza kwamba Abu Ubaida bin al-Jarrah alikuja kutoka Sham na ngamia 4,000 waliobeba chakula. Chakula kikapikwa kwa pamoja na watu wakahesabiwa, ili asiwepo wa kula mara mbili wakati mwingine hajapata. Yeye mwenyewe alijizuilia samli na nyama mpaka watu wa kawaida wapate, akala mafuta mpaka rangi yake ikabadilika.

Kisha akaingia kwenye sheria. Mwaka ule hakutuma watu kukusanya zaka ya wanyama. Aliiahirisha mpaka mvua iliponyesha, ndipo akawatuma wachukue ya miaka miwili, sehemu moja igawiwe kwa maskini wa pale pale na nyingine iletwe Madina. Na aliyeiba kwa njaa hakumkata mkono. Mafakihi wamelieleza jambo hili kwa urefu: hakuifuta hukumu ya Mwenyezi Mungu, bali shubha ya dharura ilizuia masharti yake kutimia.

Njaa ilipopita hakusema alhamdulillah yamekwisha akakaa. Baada ya Misri kufunguliwa, Amr bin al-Aas alifukua kwa amri yake mfereji wa kale uliounganisha mto Nile na Bahari ya Shamu. Nafaka ya Misri ikawa inapakiwa majahazini mpaka al-Jar, bandari ya Madina. Walipata funzo la mwaka mmoja wa ukame, wakachimba njia ya kuwasaidia katika miaka ijayo.

Misri: mto ulipungua, lakini nani aliyefunga ghala?

Hakuna nchi ya Kiislamu iliyopima maji yake kwa uangalifu kama Misri. Mwaka 247 Hijria, sawa na 861, Khalifa al-Mutawakkil aliamrisha kijengwe kipimo cha mto Nile katika kisiwa cha Rawda, Cairo. Ni nguzo ya mawe iliyochorwa dhiraa, na bado imesimama. Maji yakifika dhiraa 16, mashamba yamepata kiasi chake na kodi ya ardhi inadaiwa kamili. Yasipofika, kila mtu anajua mwaka utakuwa mgumu.

Na hapo hapo palikuwa na mtihani. Khabari za mto zikienea kwamba unapanda polepole, wafanyabiashara walifunga ghala kabla ngano haijapungua sokoni. Al-Maqrizi anaeleza kwamba Khalifa al-Muizz wa Fatimiya alikataza kipimo kisitangazwe hadharani mpaka kifike dhiraa 16, kwa sababu hofu peke yake ilikuwa ikipandisha bei.

Miaka mia moja hivi baadaye ikaja shida iliyopewa jina la Khalifa al-Mustansir, kati ya 1065 na 1072. Mto ulishuka, na wakati huo huo vikosi vya jeshi vilikuwa vikipigana wao kwa wao mashambani, hata wakulima wakashindwa kulima pale maji yaliporudi. Watu walikula walichokuwa hawali. Nafuu ilipatikana alipokuja waziri Badr al-Jamali kutoka Akka, akarudisha usalama na kuwasamehe wakulima kodi ya ardhi kwa miaka mitatu. Mwaka 1200 mto haukufika hata dhiraa 13, na tabibu Abd al-Latif al-Baghdadi, aliyekuwapo, aliandika kwa macho yake mambo ambayo hatutoyarudia mbele ya watoto wetu.

Al-Maqrizi mwenyewe aliishi katika njaa iliyoanza mwaka 806 Hijria. Baada yake, mwaka 808, aliandika kitabu kizima kuuliza kwa nini umma umefikia hapo. Alikiri kwamba mto ukipungua ghali hufuata, na kwamba hayo ni majaaliwa yaliyowafika wa mwanzo na wa mwisho. Lakini alisema balaa la wakati wake limerefushwa na sababu tatu: vyeo kununuliwa kwa rushwa, kodi za mashamba kupandishwa mpaka mkulima akaacha kulima, na sarafu za shaba kujazwa sokoni mpaka pesa ikakosa thamani. Yaani mwanachuoni wa miaka 600 iliyopita alikwishatofautisha kati ya ukame na njaa. Ukame ni maji kutokuja. Njaa inahitaji mkono wa binadamu.

Tunarudi kwetu

Kuna jambo moja hatuwezi kuwafananisha na sisi. Ukame wao ulikuja na kuondoka, na hawakuusababisha wao. Joto la leo linatokana kwa sehemu kubwa na mafuta, gesi na makaa yanayochomwa duniani, na bahari inayopanda haitarajiwi kurudi nyuma katika umri wetu. Visiwa vyetu vimechangia kidogo mno. Wenzetu wa Kisiwa Panza, kule kusini mwa Pemba, wanalijua hili kwa macho: mabonde ya mpunga yaliyolisha familia yameingiwa na maji ya chumvi. Kuwaambia watu hao kwamba wameadhibiwa kwa dhambi zao ni kuwadhulumu, na ni kumsemea Mwenyezi Mungu tusilolijua. Surat ar-Rum inatufunza kwamba uharibifu wa nchi kavu na baharini unatokana na iliyoyachuma mikono ya watu, na haikusema kwamba anayeumia ndiye aliyeuchuma. Watu wa Ramada walikuwa ni masahaba.

Lakini dhuluma ya watu wa mbali haituondolei wajibu wa yaliyo mikononi mwetu.

Kuhusu swali la kisima: maji mtu aliyoyateka na kuyatia katika tangi au ndoo ni mali yake, anaweza kuyauza kwa bei ya haki, na gharama za pampu ni udhuru unaoeleweka. Ama kumnyima mtu mwenye kiu maji yaliyozidi haja yake kisimani, Mtume (S.A.W.) amelikataza. Bora kuliko yote ni aliyoyafanya Sayyidna Uthman (R.A.), aliyekinunua kisima cha Ruma kwa mali yake na kukifanya wakfu. Leo wakfu wa aina hiyo unaweza kuwa tangi la kuvunia mvua juu ya paa la msikiti. Mapaa ya misikiti yetu ni makubwa, na masika yote yanamwagika barabarani. Tunawaomba kamati za misikiti na masheha walizungumze hili kabla ya mvua, na pawepo na fungu la matengenezo tangu siku ya kwanza. Tumeziona pampu nyingi za msaada zilizokufa kwa kukosa kifaa kidogo, kwa sababu hakuna aliyejiona ni mwenyewe.

Kuhusu bei: mchele wetu mwingi unakuja kwa meli. Khabari ya mavuno mabaya ya nchi ya mbali inafika kwenye simu kabla meli haijang'oa nanga, na siku hiyo hiyo gunia linapanda. Anayenunua na kufungia chakula akisubiri watu washikike anaingia katika ihtikari, na Mtume (S.A.W.) amemwita mwenye kufanya hivyo mkosa. Baba au mama anayeweka akiba ya nyumba yake hayumo.

Na kuhusu mikoko: tunajua kuni zinatakiwa na chokaa inatakiwa. Lakini mikoko ndiyo ukuta wetu wa Maarib, na huu hauhitaji dola kuujenga, unahitaji tusiukate. Shehia zilizopanda upya zimefanya jambo la sadaka inayoendelea, inshaallah.

Tuombe mvua, na tuombe istighfari. Kisha tufanye kama alivyofanya Umar, tukitoka kwenye mkeka wa dua tuandike barua, tuhesabu watu wetu, na tuchimbe. Tunamuomba Mwenyezi Mungu atunyweshe mvua yenye manufaa isiyodhuru, awape wenzetu waliopoteza mabonde yao badala iliyo bora, na asitufanye tuwe sababu ya njaa ya jirani zetu.

Wallahu a'lam.