Orodha Isiyosomeka Haimkumbushi Mtu

Saa sita mchana katika kata ya Mwankoko, Manispaa ya Singida, jua la nyanda za kati huwa limesimama utosini. Nyumba zimetawanyika kati ya mashamba ya alizeti na mtama, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayetoka kaya moja kwenda nyingine hapati kivuli kila anapotaka kutazama simu yake. Tuchukulie kwamba katika simu hiyo imo programu ya orodha ya kazi za siku: mama mjamzito wa kukumbushwa kliniki, mtoto wa kupimwa mkono, mgonjwa wa kifua kikuu wa kuulizwa kuhusu dawa zake, na mtoto mchanga aliyetimiza leo siku yake ya tatu. Orodha ipo, imekamilika, wala haina kosa. Lakini maandishi yake ni ya kijivu hafifu juu ya weupe. Mhudumu anaigeuza simu huku na huku, anaikinga kwa kiganja, na anachokiona kiooni ni uso wake mwenyewe. Anairudisha mfukoni na kuendelea kwa kutegemea kumbukumbu. Kichwa huwakumbuka wengi, na humsahau mmoja.

Huyo mmoja ndiye ninayemwandikia makala haya. Takriban robo tatu ya vifo vya watoto wachanga duniani hutokea katika juma la kwanza la maisha yao. Ziara ya siku ya tatu ikikosekana, hakuna ziara ya siku ya kumi itakayoifidia. Kwa hiyo nashikilia kwamba mwonekano wa orodha ya kazi, yaani rangi zake, ukubwa wa herufi zake na mpangilio wa mistari yake, ni sehemu ya huduma ya afya. Ni kosa kuuhesabu kuwa pambo la kufikiriwa mwishoni, baada ya mambo yanayoitwa ya maana kukamilika.

Suala hili si la kesho. Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, uliolenga kuwafikia wahudumu zaidi ya 137,000 katika kipindi cha miaka 5. Huko Zanzibar, mpango wa Jamii ni Afya umekwisha kuwapa wahudumu wa kujitolea simu zenye programu za kuwaongoza katika ziara za nyumbani. Maadamu daftari la mhudumu linahamia kwenye simu, hatuna budi kuuliza daftari hilo linasomekaje, na linasomwa na nani, wapi, saa ngapi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sayansi ya tiba imekuja kuthibitisha kwamba hata uhai hupotea vivyo hivyo. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya utafiti kuhusu orodha ya Shirika la Afya Duniani ya usalama wa upasuaji, uliofanyika katika hospitali 8 za mataifa mbalimbali, mojawapo ikiwa hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, hapa Tanzania. Orodha hiyo ina vipengele 19 vilivyogawanywa katika hatua tatu, na vyote vimetoshea katika ukurasa mmoja. Baada ya kuanza kutumika, vifo katika hospitali hizo kwa jumla vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 0.8. Sidai kwamba herufi nzuri ndizo zilizookoa watu hao. Nasema tu kwamba orodha ile isingetumika chumba cha upasuaji kama ingekuwa na kurasa sita, au kama ingemlazimu muuguzi kukodoa macho ili kuisoma.

Sasa tuyatazame macho yenyewe. Mtu akikaribia umri wa miaka 40, lenzi ya jicho hupoteza unyumbufu wake, na maandishi ya karibu huanza kufifia. Utafiti uliofanyika wilayani Kongwa, katika mkoa jirani wa Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006, ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya watu wenye umri wa miaka 40 na kuendelea walikuwa na hali hiyo, na wachache sana kati yao walikuwa na miwani ya kusomea. Wapo pia, hasa wanaume, waliorithi hali ya kutotofautisha vizuri nyekundu na kijani. Wengi wao hawajawahi kupimwa, wala hawajui kwamba wanachokiona si kile wanachokiona wenzao. Juu ya hayo kuna jua. Mwanga wa adhuhuri unaweza kufikia lukisi 100,000, ilhali ofisi anamokaa mbunifu wa programu aghalabu huwa na lukisi mia chache tu. Rangi iliyopendeza katika chumba kile inaweza kutoweka kabisa njiani Mwankoko.

Dunia ina kipimo cha jambo hili. Taasisi ya W3C, inayosimamia viwango vya wavuti, ilitoa mwaka 2008 mwongozo unaotaka tofauti ya mng'ao kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake isipungue 4.5 kwa 1. Nyeusi tupu juu ya nyeupe hufikia 21 kwa 1. Manjano juu ya nyeupe huambulia kama 1 kwa 1, yaani ni sawa na kuandika kwa chaki kwenye ukuta uliopakwa chokaa. Kipimo hiki hakihitaji maabara. Zipo programu za bure zinazokikokotoa kwa sekunde chache. Kwa kazi ya nje, mimi ningetaka kiwango kiwe juu zaidi ya hicho.

Kuhusu rangi, sekta yetu ina hazina ambayo wabunifu wengi hawaitumii. Kila muuguzi anaujua utepe wa kupimia mzunguko wa mkono wa mtoto: nyekundu ni chini ya sentimita 11.5, manjano ni kuanzia hapo hadi chini ya 12.5, na kijani ni kuanzia 12.5. Utepe huo una hekima mbili. Kwanza, kila rangi ina maana moja isiyobadilika. Pili, namba zimeandikwa pale pale, kwa hiyo asiyeitambua rangi huisoma namba. Orodha ya kazi ifuate hekima hiyo. Nyekundu iwekwe akiba kwa hatari na ucheleweshaji peke yake, wala isitumike kwenye nembo, kichwa cha ukurasa au kitufe cha kawaida. Mahali ambapo kila kitu ni chekundu, hakuna kinachoshtua. Na popote ilipo nyekundu, pawe na neno kando yake: "Imechelewa siku 2." Rangi huita jicho, neno ndilo linaloeleza.

Kijivu nacho kina mtego wake. Katika programu nyingi, kazi iliyokamilika hufifishwa iwe ya kijivu, na watumiaji wameizoea maana hiyo. Mbunifu akiziandika kwa kijivu kazi zisizofanyika bado, eti kwa kuwa zamu yake haijafika, msomaji mwenye haraka huzichukulia kuwa zimekwisha. Hapo orodha haijanyamaza tu, imesema uongo. Kazi isiyofanywa iandikwe kwa wino mzito, na iliyofanywa iwekewe alama ya vema na kushushwa chini, lakini ibaki ikisomeka, maana kesho mtu atataka kuhakiki.

Wako wanaopendelea mandhari meusi, yaani herufi nyeupe juu ya usuli mweusi. Usiku, katika nyumba isiyo na taa, mandhari hayo hayaumizi macho na hayamwamshi mgonjwa anayelala jirani. Juani mambo hugeuka: kioo cheusi huwa kioo cha kujitazamia, na herufi nyeusi juu ya weupe ndizo zinazosomeka vema. Kwa hiyo programu iwe na yote mawili, na kitufe cha kubadilisha kiwe wazi, kisifichwe nyuma ya milango mitatu.

Lipo jambo jingine ambalo ni zito kuliko rangi. Orodha inayosomeka vizuri husomwa pia na asiyehusika. Simu hushikwa na watoto, huazimwa na jirani, huachwa mezani mgeni anapokaribishwa. Mgonjwa anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI akiwekewa ukumbusho wenye jina la dawa na utepe mwekundu unaomulika kiooni, siri yake imekwisha kutolewa nje na chombo kilichotengenezwa kumsaidia. Usomekaji na usiri havipingani, mradi vipangwe pamoja. Ukumbusho unaojitokeza kioo kikiwa kimefungwa useme "Saa 2 usiku: jambo lako," na maelezo yaonekane tu baada ya mwenyewe kuweka namba yake ya siri. Vivyo hivyo kwa mhudumu: jina la kaya na saa ya ziara vinatosha katika ukurasa wa kwanza, ugonjwa ukae ndani.

Najua pingamizi litakalotolewa. Katika zahanati ambako glavu huisha kabla ya mwezi kuisha, kuzungumzia rangi za simu kunaonekana kama anasa ya watu wa mjini. Ningekubaliana na pingamizi hilo kama herufi nyeusi zingegharimu zaidi ya herufi za kijivu. Hazigharimu. Uamuzi hufanywa mara moja, na watu wachache, kisha hunakiliwa katika maelfu ya simu. Ukiwa mzuri huwasaidia wote, na ukiwa mbaya huwasumbua wote kila siku kwa miaka. Wengine husema mafunzo yatatosha. Mafunzo hayaongezi unyumbufu wa lenzi ya jicho, wala hayapunguzi jua.

Hata hivyo, nisizidishe chumvi. Orodha, hata ikiwa safi namna gani, haitembei yenyewe hadi mlangoni kwa mgonjwa. Utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa mwaka 2012 na Brian DeRenzi na wenzake ulionyesha kwamba wahudumu waliokumbushwa kwa ujumbe mfupi wa simu, huku msimamizi akijulishwa pale ucheleweshaji ulipoendelea, walipunguza wastani wa siku za kuchelewa kuwatembelea wateja wao kutoka 9.7 hadi 1.4. Msimamizi alipoondolewa katika mpango huo, utendaji ulishuka. Funzo ni kwamba nyuma ya kila orodha sharti awepo binadamu anayejali kama imetekelezwa. Mwonekano mzuri huondoa kikwazo cha kwanza tu. Lakini kikwazo cha kwanza kisipoondolewa, vingine havifikiwi.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwa wanaobuni na kuagiza programu hizi: kabla ya kuipokea kazi, ipelekeni nje saa sita mchana. Mpeni mtu wa miaka 50 asiye na miwani, akiwa na simu ya bei nafuu yenye kioo kilichochakaa, na mumwombe asome kazi tatu za kwanza kwa sauti. Akishindwa, programu ndiyo iliyofeli. Kisha ondoeni rangi zote, muitazame kwa nyeusi na nyeupe tu; ikiwa maana imepotea, maneno hayatoshi. Na maneno yenyewe yawe Kiswahili cha watu. Mwankoko wapo wengi ambao lugha yao ya kwanza ni Kinyaturu, "Mtembelee mama" kutaeleweka haraka kuliko "Tekeleza ufuatiliaji wa mteja."

Kwa watumishi wenzangu wa afya: msione haya kusema "sisomi." Mhudumu anayeficha kwamba maandishi yamemshinda huonekana mzembe, ilhali tatizo ni la macho au la kioo. Msimamizi anapokuta ziara zimekosekana, swali lake la kwanza liwe "Orodha unaiona vizuri?" kabla ya "Kwa nini hukwenda?" Na anayehitaji miwani aelekezwe kupimwa, kwani hakuna mandhari yanayoweza kuchukua nafasi ya miwani.

Kwa wagonjwa na wanaowauguza: simu nyingi huruhusu kukuza herufi katika mipangilio yake, kwenye sehemu ya skrini. Mwombe kijana wa nyumbani akuoneshe leo, lakini maelezo ya dawa zako mpe tu unayemwamini. Usiye na simujanja hujaachwa nyuma: karatasi nyeupe, kalamu nyeusi, herufi kubwa na mistari isiyozidi mitano ni orodha kamili. Ukitoka kliniki, usiikunje kadi yako kabla hujaisoma tarehe ya kurudi mbele ya muuguzi. Usipoielewa, mwambie aiandike upya.

Turudi kwa yule mhudumu wa Mwankoko. Mabadiliko anayoyahitaji ni madogo: herufi nyeusi zilizokuzwa, mstari mmoja juu kabisa ya mingine, na maneno machache yasiyo na fumbo: "Leo: mtoto mchanga, siku ya 3." Akiyaona hayo juani bila kuikinga simu kwa kiganja, atajua aelekee wapi kabla jua halijapinda.