Hubo na Hubieron: Kosa la Nani?

Miongoni mwa maumbo ya Kihispania yanayomtatiza mwanafunzi ni hubo, umbo la kitenzi haber katika wakati uliopita, nafsi ya tatu umoja. Tungo hubo fiestas ina maana ya 'kulikuwa na sherehe'. Sherehe ni nyingi, lakini kitenzi kimebaki katika umoja. Sababu ni kwamba, kisarufi, fiestas si kiima bali ni yambwa. Ndiyo maana nomino hiyo ikiachwa, nafasi yake huchukuliwa na kiwakilishi cha yambwa: las hubo.

Hata hivyo, wazungumzaji wengi, hasa wa Amerika ya Kihispania na wa maeneo ya Kikatalani nchini Hispania, husema hubieron fiestas. Andrés Bello, katika sarufi yake ya mwaka 1847 aliyowakusudia Waamerika, aliyapinga matumizi hayo, na sarufi elekezi zimeendelea kuyapinga. Kwa kawaida hubieron hukubaliwa pale haber inapokuwa kitenzi kisaidizi, kama katika cuando hubieron llegado, 'walipokwisha kufika'.

Kwa maoni yetu, kuyaita matumizi hayo ujinga ni kuikwepa kazi ya mwanaisimu. Katika Kihispania, kiima mara nyingi hufuata kitenzi: llegaron cartas, 'zilifika barua'. Mzungumzaji anapokutana na hubo yenye nomino moja tu, tena iliyo baada ya kitenzi, huichukulia nomino hiyo kuwa kiima, kisha hukipatanisha kitenzi nayo. Hajavunja kanuni, ameipanua.

Kiswahili hutusaidia kuliona jambo hili. Katika kulikuwa na sherehe, nafasi ya kiima imeshikwa na kiambishi ku- cha mahali. Kwa hiyo hakuna asemaye zilikuwa na sherehe kwa maana hiyo. Kihispania nacho kilikuwa na alama ya mahali, yaani y, lakini imesalia katika hay ya wakati uliopo pekee. Katika hubo nafasi hiyo i wazi, na wazungumzaji wameijaza.

Mwalimu na amfundishe mwanafunzi kuandika hubo, kwani ndilo umbo sanifu. Lakini asimwambie kwamba mamilioni ya watu hawaijui lugha yao ya kwanza. Nasi tunaosahihisha tasnifu za Kiswahili tujiulize: ni mara ngapi tumelipigia mstari mwekundu umbo ambalo bado hatujalieleza?