Uvira: Kabla ya tairi kubwa, mwenye pikapu aangalie kwanza freni na resori

Kila msimu wa mvua unapokaribia, wenye pikapu wa Uvira wanarudi kwenye swali moja: pesa kidogo iliyowekwa pembeni inunue tairi kubwa zaidi, ama itengeneze kitu kingine ndani ya gari? Kwa mkaaji wa Rugenge anayepeleka bidhaa Baraka au Fizi, hilo si swali la mapambo. Gari hiyo ndiyo inalipa masomo ya watoto na kodi ya nyumba, tena juu ya mzigo wake wanapanda watu.

Jibu linalopendwa na wengi ni tairi kubwa. Zinaonekana kwa macho, zinaipa gari sura ya nguvu, na mwenye gari anajisikia kwamba matope ya njia ya Makobola hayatamweza tena. Lakini kwa gari inayofanya kazi kwenye barabara ya taifa namba 5, tairi kubwa ingefaa kuwa matumizi ya mwisho, si ya kwanza. Hesabu ndogo inatosha kuonyesha sababu.

Chukua tairi ya 265/65R17, ambayo imefungwa kwenye Hilux nyingi. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni urefu wa ubavu ukilinganishwa na upana huo kwa asilimia, na ya mwisho ni ukubwa wa janti kwa inchi. Tairi hiyo ina kimo cha milimita 776 hivi. Ile ya 285/70R17, ambayo wengi wanaitamani, ina kimo cha milimita 831. Tofauti ni milimita 55. Lakini nusu ya tofauti hiyo iko juu ya ekseli na nusu iko chini, kwa hiyo gari inainuka milimita 27 tu. Hazifiki hata sentimita 3.

Sentimita hizo 3 zina bei yake, na bei hiyo haiishii dukani. Tairi iliyoongezeka kimo kwa asilimia 7 inapunguza nguvu ya kuvuta kwa kiasi hicho hicho, kwa kuwa injini na gia zimebaki zile zile. Kwenye kilima cha Ngomo, au njia ya kupanda kuelekea Lemera, dereva ataisikia tofauti hiyo mguuni mwake na kwenye mazutu. Saa ya mwendo nayo inadanganya: ikionyesha kilomita 60, gari inakimbia 64. Na tairi yenyewe ni nzito zaidi, hivyo freni inafanya kazi kubwa kuisimamisha, na viungo vya usukani vinachoka mapema.

Kuna hesabu nyingine ambayo husahauliwa siku ya kununua. Tairi si 4, ni 5. Mwenye kubadilisha 4 na kuacha ya akiba katika ukubwa wa zamani amejitengenezea shida. Siku moja itapasuka mbele ya Swima au Mboko, na atalazimika kufunga ndogo kando ya kubwa. Magurudumu mawili ya ekseli moja yasiyo na kimo kimoja yanaitesa ekseli hiyo na kuvuta gari upande. Tena ukubwa wa kawaida una nafasi kubwa ya kupatikana kwa fundi wa kijijini au kuazimwa kwa shofa mwingine aliyeko njiani. Ukubwa wa pekee unaweza kuilaza gari barabarani mpaka tairi itoke mjini.

Hata hivyo, hatari kubwa zaidi haiko kwenye mfuko. Pikapu nyingi za aina hiyo zimetengenezwa kubeba tani 1 hivi, watu na mizigo pamoja. Watu 15 wenye kilo 65 kila mmoja tayari ni kilo 975. Hapo hakujawekwa gunia la unga wa muhogo, dumu la mafuta ya mawese wala kapu la ndagala. Gari ikiinuliwa na kuvishwa tairi kubwa, mwenyewe anaiona kama imepata nguvu mpya, na jaribu la kuongeza mzigo linakuja lenyewe. Ukweli ni kwamba chasi, freni na resori hazikuongezewa kitu. Kilichoongezeka ni kimo, na gari iliyo juu, yenye watu juu ya magunia, inapinduka kwa urahisi kuliko iliyo chini. Kona moja mbovu inatosha. Wanaolipa kosa hilo si mwenye gari aliyebaki mjini. Ni mama muuzaji na konvwayeri waliokaa juu ya mzigo.

Basi pesa ianze wapi? Ianze chini ya gari, pale ambapo wapita njia hawaoni. Freni zishike sawasawa magurudumu yote, na mafuta yake yabadilishwe. Resori iliyovunjika jani moja ibadilishwe, si kufungwa kwa waya. Amotiseri zinazovuja zitolewe, kwa sababu amotiseri iliyokufa inaacha gurudumu lirukeruke juu ya mashimo, na gurudumu lililo hewani halishiki freni wala usukani. Viungo vya usukani vinavyocheza vikazwe au vibadilishwe. Kazi hizi hazipigiwi makofi na mtu, lakini ndizo zinazoamua kama gari itasimama mtoto anapokatisha barabara ghafla huko Sange au Lusenda.

Baada ya hapo, tairi. Hapa swali zuri si ukubwa, ni hali yake. Tairi mpya ya ukubwa ule ule wa kiwanda, yenye meno ya matope na ubavu mgumu, itaisaidia gari kuliko tairi kubwa ya okazyo iliyokwisha meno. Mnunuzi asome ubavu kabla ya kutoa dola. Baada ya herufi DOT kuna alama kadhaa, na tarakimu 4 za mwisho zinaeleza wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2016. Mpira unazeeka hata kama haujatembea, na nyufa ndogo ubavuni ni onyo. Namba iliyoandikwa karibu na ukubwa wa tairi inaeleza mzigo: 112 ni kilo 1120 kwa tairi moja, 116 ni kilo 1250. Tairi ya gari ndogo ya mjini inaweza kuingia kwenye janti ya pikapu na kupendeza, lakini haikutengenezwa kwa magunia.

Kisha kuna vifaa vya kujitoa matopeni: kamba imara ya kuvutia, beleshi, kriki nzuri pamoja na ubao wa kuiwekea chini isizame, vipande viwili vya mbao ngumu, na pompi ya upepo yenye kipimo. Pompi hiyo ni silaha ambayo wengi hawaijui. Kwenye mchanga wa kandokando ya ziwa, gari isiyo na mzigo mzito ikipunguziwa upepo kutoka bari 2.4 hadi 1.5 hivi, tairi inalala kwa urefu, inakanyaga eneo kubwa zaidi na haichimbi. Ikifika pagumu, upepo unarudishwa mara moja kabla ya kukimbia. Kazi ambayo watu wanaitarajia kwa tairi kubwa mara nyingi inafanywa na tairi ya kawaida yenye upepo unaofaa.

Winchi ya umeme nayo ina wapenzi wake. Ni kifaa kizuri kwa anayesafiri peke yake milimani kwenye miti. Lakini inahitaji mahali pa kufungwa, na kwenye mchanga mtupu hakuna pa kuifunga. Inaongeza uzito mbele na inakula betri. Kwa gari ya biashara inayopita vijijini, ambako vijana wa kusukuma hawakosekani, kamba na beleshi zinatangulia. Kifaa cha kufunga magurudumu mawili ya nyuma ili yazunguke pamoja kina faida kubwa zaidi: gari inayokwama huku gurudumu moja likizunguka bure inaweza kutoka yenyewe, bila kuinuliwa hata milimita moja.

Wanaotetea tairi kubwa wana hoja moja ya kweli, na ni haki kuisema. Kuinua gari kwa resori kunapandisha bodi peke yake. Lile tumbo la ekseli ya nyuma linabaki pale pale, na ndilo linalokwama kwenye mitaro mirefu iliyochimbwa na malori. Tairi peke yake ndiyo inaweza kulipandisha. Kwa mtu anayepanda kila wiki kwenye milima ya juu, gari ikiwa na mzigo mdogo, hatua moja ya ukubwa inaweza kuwa na maana. Ila awe amemaliza kazi za freni na resori, anunue zote 5, na ahakikishe hazigusi bodi usukani ukizungushwa mpaka mwisho.

Kitu ambacho hakuna tairi inayoweza kukifanya ni kushinda maji yanayokimbia. Uvira inalijua hilo kwa uchungu. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kubomoa nyumba nyingi. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 60 yanatosha kubeba magari mengi, pikapu zikiwemo. Bomba la hewa lililopandishwa mpaka juu ya paa linazuia injini kunywa maji. Haliizuii gari kusombwa. Mahali pa namna hiyo, dawa ni kungoja mto upungue, hata kama abiria wananung'unika.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya ufundi wa madereva. Mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, FONER, uliundwa mwaka wa 2008, na mwenye gari anauchangia kila anapotia mafuta na kila anapolipa péage. Mtu aliyekwisha kulipia barabara halafu akalazimika kuinunulia gari miguu mirefu analipa mara mbili. Anayo haki ya kudai mitaro isafishwe na mashimo yafukiwe kabla ya mvua, si baada yake.

Lakini mvua haingoji majibu ya Kinshasa. Kwa mwezi huu, uamuzi uko mikononi mwa mwenye gari. Pesa yake ikiwa ndogo, anunue kwanza kile kinachoifanya gari isimame, halafu kile kinachoitoa matopeni. Zile sentimita 3 zinaweza kungoja. Abiria walio juu ya mzigo hawawezi kungojea freni.