Udalali wa mtandaoni: vijana, acheni kurundikana kwenye simu

Mpwa wangu hapa Mji wa Kale alikaa miezi sita akisambaza linki za simu, akingoja kamisheni. Alichopata ni pesa ya chai. Si mvivu. Simu kila mtu anazitangaza, na mnunuzi hupitia maduka kumi kabla hajalipa.

Nikamuuliza, watu wa mtaani wanakuuliza nini kila siku? Akasema pampu. Maji ya mfereji hayana uhakika, visima vingi vina chumvi, na pampu za bei rahisi huliwa na kutu. Basi ni hiyo! Nani ameeleza kwa Kiswahili, kwa picha, pampu gani inastahimili maji ya chumvi? Anayeuliza hivyo ana shida nyumbani, na pesa keshaitenga.

Ila asitegemee duka moja. Aprili 2020 Amazon iliwashusha madalali wake wa fanicha kutoka asilimia 8 hadi 3, na wao hawakuwa na la kusema. Hapa kwetu nako, Sheria ya Fedha ya 2023 inakata asilimia 5 ya kamisheni kabla haijamfikia. Aipige hesabu mapema.

Watu wa kamari nao wameshamtafuta, na dau lao ni kubwa kuliko la duka lolote. Hapo nimemkataza, na mamake pia. Wateja wake wangekuwa rafiki zake wa barazani.

Jana alikuwa kwa jirani, akipiga picha pampu iliyodumu miaka minne.