"Vipimo vyote safi", halafu mgonjwa aende wapi?

Leo siasa naiweka pembeni, tuwaongelee wagonjwa ambao kila wakipimwa "hawana kitu".

Mnawajua. Mama anaumwa shingo, mgongo, nyonga, magoti, vyote kwa mpigo, miezi na miezi. Analala mapema lakini asubuhi anaamka hoi kama vile usiku kucha alikuwa anakamua mawese. Anasahau sufuria motoni. Malaria hakuna, mkojo safi. Anachomwa diklofenaki, anapewa na antibayotiki za kubahatisha, wiki ijayo karudi. Safari ya nne anaambiwa: "Mama, wewe huumwi, punguza mawazo." Mtaani wanamalizia, mvivu huyo, au karogwa.

Hali hii mara nyingine ina jina: faibromayalgia. Ubongo na mishipa ya fahamu inakuza maumivu, kama redio iliyofunguliwa sauti mpaka mwisho. Ndiyo maana eksirei haioni kitu. Lakini maumivu ni ya kweli kabisa.

Sasa sisi tumezoea kusingizia mashine. Hatuna mashine, subiri rufaa ya Maweni. Jamani, kwa ugonjwa huu mashine ya kuuthibitisha haipo hata London! Unatambuliwa kwa kumsikiliza mgonjwa. Mwaka 1990 wataalamu wa Marekani walitoa utaratibu wa kubonyeza sehemu 18 za mwili, zikiuma 11 jibu ndiyo. Mwaka 2010 wakaja na njia ya maswali, ikarekebishwa 2016: maumivu yako wapi na wapi, usingizi ukoje, uchovu, kumbukumbu, na je, imefika miezi 3? Karatasi na kalamu tu.

Hayo marekebisho ya 2016 yanasema pia kwamba kuwa na ugonjwa mwingine hakuuondoi huu. Kwa hiyo mwenye VVU au baridi yabisi anaweza kuwa nao vilevile, asiambiwe kila maumivu ni ya ugonjwa wake wa zamani. Vipimo bado vina kazi: kuangalia upungufu wa damu, matatizo ya tezi la shingo na mengineyo. Na ukiona homa, kukonda au viungo kuvimba, hapo tabibu atafute kitu kingine.

Tiba je? Wataalamu wa Ulaya mwaka 2016 walipendekeza kwa nguvu kitu kimoja tu, mazoezi. Najua mtacheka, mazoezi gani tena kwa mtu anayebeba kuni na ndoo kutwa? Lakini ndoo haikuulizi leo mwili unasemaje. Mazoezi unaanza kidogo, kutembea kwa mfano, unaongeza taratibu. Kuna pia amitriptilini, dawa ya zamani, dozi ndogo usiku, inawasaidia baadhi kulala na kupunguza maumivu. Aandike tabibu, msijinunulie dukani. Diklofenaki kwa ugonjwa huu haisaidii sana, na ukiizoea inaumiza tumbo na figo.

Matabibu watasema foleni ni ndefu, na kweli ni ndefu. Basi nesi aulize hayo maswali mgonjwa akiwa bado benchi, majibu yaandikwe kwenye daftari lake. Tabibu akimpokea anakuta kazi nusu imefanyika, na lile neno "huumwi" halina pa kutokea.

Wenye ndugu wa hivi, yeye aliambiwaje? Tiririkeni hapo chini.