PIKIPIKI YA ZAMANI: ULIZA KWANZA, FUNGUA BAADAYE



Kule Mangobo pikipiki si kitu cha kujionyesha. Ndiyo inayompeleka mama sokoni, mtoto shuleni, na mgonjwa hospitali usiku. Zamani watu wa Kisangani walibebwa na baiskeli za toleka. Leo pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya kazi ile. Wengi wetu tukipata akiba tunanunua moja, na kwa nguvu ya mfuko wetu tunapata iliyokwisha kutumiwa na wengine. Si vibaya. Injini ya zamani ikitunzwa vizuri inafanya kazi miaka mingi.

Ubaya unaanza siku inapokataa kuwaka. Jirani mmoja anasema pistoni imekufa, mwingine anasema nunua karbirateri mpya. Injini inafunguliwa barazani, esansi inamwagika chini, na hatua tatu kutoka pale mbabula inapika sombe. Jioni pesa zimekwisha, pikipiki bado haiwaki, na pengine mtu amekwisha kuungua. Maoni yangu ni haya: kutafuta ugonjwa wa injini ni jambo la usalama na la afya, sawasawa na vile lilivyo jambo la pesa. Anayebahatisha anahatarisha yote.

Tufanye kama kwenye dispansari

Mgonjwa akifika, hatumpasui tumbo kabla ya kumwuliza. Tunauliza maumivu yalianza lini, alikula nini, kisha tunatazama na kusikiliza. Fanya vilevile na injini. Ilianza kusumbua lini? Ikiwa baridi au ikiwa moto? Baada ya mvua? Baada ya kutia esansi ya chupa kando ya barabara? Majibu hayo hayalipiwi, na mara nyingi ndiyo yanayoonyesha njia.

Kisha kumbuka kwamba injini inataka vitu vinne tu: esansi safi, hewa, cheche, na nguvu ya kubana ndani ya silinda. Anza na kilicho rahisi, umalize na kilicho ghali.

Esansi. Kisangani iko karibu kabisa na ikweta, mvua ni nyingi na hewa ina unyevu mwaka mzima. Maji yanaingia kwenye tangi kwa urahisi. Fungua skrubu ya chini ya karbirateri, pokea esansi kidogo katika chupa inayoonyesha ndani, uiache itulie. Maji ni mazito kuliko esansi, yatalala chini. Ukiyaona, ugonjwa umeupata bila kununua kitu. Na kama pikipiki inakwenda kilomita chache halafu inazima, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa inavutwa na injini ikawaka tena, tundu la hewa la kifuniko limeziba.

Hewa. Vumbi la barabara linaziba chujio. Chujio likiziba, injini inakula esansi nyingi, inatoa moshi mweusi na inakosa nguvu.

Cheche. Toa buji uitazame. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Masizi meusi makavu ni esansi nyingi kupita hewa. Nyeusi yenye mafuta, injini inakula mafuta. Nyeupe kama imeungua, injini inapata joto kupita kiasi. Ukitaka kuona cheche, funga kwanza bomba la esansi, pangusa iliyomwagika, irudishe buji kwenye kofia yake, uiegemeze kwenye chuma cha injini, mbali na tundu ilimotoka. Shika kofia ya mpira kwa kitambaa kikavu, usishike chuma. Mvuke unaotoka katika tundu lile unaweza kuwaka usoni pako.

Nguvu ya kubana. Buji ikiwa mahali pake, kanyaga kiki. Mguu ukishuka bila kizuizi, kuna mahali panapovuja. Tia kijiko kidogo cha mafuta ya injini katika tundu la buji, rudisha buji, kanyaga tena. Kiki ikiwa ngumu kuliko mwanzo, pete za pistoni zimekula. Isipobadilika, tazama vali. Hapo tu ndipo kuna sababu ya kufungua injini.

Moshi wa buluu nao unasema jambo. Kwenye injini ya mipigo minne kama Boxer au TVS, ni mafuta yanayoungua ndani. Lakini kwenye ile ya mipigo miwili, kama Yamaha AG 100, mafuta huungua pamoja na esansi, basi moshi kidogo si ugonjwa.

Mambo matatu ambayo muganga hawezi kuyanyamazia

La kwanza: usivute esansi kwa mdomo. Tone dogo likiingia mapafuni linaweza kuleta ugonjwa mbaya wa mapafu. Wala usiiweke katika chupa ya maji au ya limonadi, mtoto ataidhania kinywaji. Akiinywa, usimtapishe, maana katika kutapika itaingia mapafuni. Mpeleke dispansari palepale.

La pili: usiwashe injini ndani ya nyumba, hata kama mvua inanyesha, hata kama unaogopa wezi. Moshi wake una gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua. Mkiona watu wa nyumba moja wanaumwa kichwa pamoja, wanasikia kizunguzungu na kichefuchefu, watoeni nje kwanza, maswali baadaye, na wapelekeni kwa muganga.

La tatu: mtu akiungua kwa bomba la moshi, mwagia pale maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, wala chumvi, wala mafuta ya injini.

Najua fundi atasema: «Mimi nasikia kwa sikio tu, sina wakati wa maswali.» Sikio la fundi mzuri ni mali, siwezi kulidharau. Lakini hata yeye akibahatisha, si yeye anayelipa pistoni ambayo haikuwa na kosa. Mwombe akuonyeshe kabla ya kubadilisha: maji yako wapi, cheche iko wapi, nguvu imepotelea wapi. Fundi wa kweli hatakasirika.

Na wewe unayetaka kununua ya zamani, gusa injini kabla muuzaji hajaiwasha. Ukiikuta tayari ina moto, sema utarudi kesho asubuhi, nayo ikiwa baridi. Injini nyingine huficha ugonjwa wake zikishapashwa moto.

Kazini tunafundishwa kutogusa mashine kabla ya kuizima na kuichunguza. Sheria hiyo isiishie kwenye lango la kampuni. Iende nayo nyumbani, Mangobo na kila mahali tunapolaza pikipiki zetu. Pikipiki ikikuchelewesha nusu saa kwa maswali, utafika. Ikikupeleka hospitali, watoto wako watalala wakikungoja.