Mheshimiwa, asante hailiwi

Kuna kitu kinaitwa mkutano wa shukrani. Kama hujawahi kuhudhuria, nikupe picha kwa haraka, maana kazi yangu ya uandishi imenipeleka kwenye mikutano hiyo mara nyingi kuliko harusini. Uchaguzi wa serikali za mitaa ukiisha, mheshimiwa hukodi ukumbi au huomba uwanja wa shule. Hualika wenyeviti wapya, wajumbe wao, mabalozi wa nyumba kumi, mawakala, na wale vijana wa hamasa wenye fulana zilizokwisha kupauka. Muziki unapigwa, pilau linanukia, halafu hotuba.

Hotuba yenyewe haibadiliki. Kwanza Mungu. Kisha mwenyekiti wa chama taifa, kamati kuu, mkoa, wilaya. Kisha vyombo vya ulinzi na usalama kwa kudumisha utulivu. Kisha sisi waandishi, ambao bahasha zetu za "nauli" huwa tayari kabla hata spika hazijafungwa. Mwisho kabisa, jua limezama na watu wameshaanza kuangalia masufuria, ndipo inakuja: na ninyi wagombea wetu, na wote mliojitolea usiku na mchana, asanteni sana, Mungu atawalipa.

Mungu atawalipa! Jamani, hapo ndipo nataka tusimame kidogo.

Tuanze na wakala. Novemba 27, 2024 vituo vilifunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni. Baada ya hapo ni kuhesabu, kubishana na kusaini. Wakala alikuwa pale kabla ya wote na akaondoka baada ya wote, amekaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la pili, magoti yanagusa kidevu. Aliahidiwa chakula na nauli. Muulize wakala yeyote unayemfahamu, wa chama chochote, hiyo ahadi ilifika saa ngapi na ilikuwa kiasi gani. Mimi nimeuliza wengi, na jibu la kawaida ni kicheko.

Wakala basi ni wa siku moja. Mwenyekiti wa mtaa au kijiji ni wa miaka mitano. Kwa miaka mingi viongozi hawa wamefanya kazi bila mshahara. Wanategemea posho inayotoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri, kwa hiyo ukubwa wake, na hata kuwepo kwake, kunategemea halmashauri yako ina mapato gani na mkurugenzi ana moyo gani. Na huyu ndiye mtu anayeamshwa saa 8 usiku mwizi akikamatwa, anayesuluhisha ugomvi wa mipaka ya viwanja, anayejua nani amefiwa na nani amehamia.

Sasa wewe msomaji unayejiona hayakuhusu, ngoja nikuambie anayelipa ile asante ni nani. Ni wewe. Ukienda kufungua akaunti benki unatakiwa barua ya serikali ya mtaa. Unataka kumdhamini ndugu yako polisi, barua. Ukifika ofisini unaambiwa kuna hela ya karatasi, hela ya wino, hela ya muhuri. Ukiuza kiwanja unaambiwa kuna asilimia 10 ya mtaa. Hupewi risiti. Tunamlaani mwenyekiti kwamba ni mla rushwa, na wengine kweli ni wala rushwa, sibishi. Lakini ukimpa mtu muhuri, ukamnyima posho, kisha ukamwambia Mungu atamlipa, unategemea atakula nini mpaka Mungu afike?

Najua jibu la waheshimiwa, nimeshalisikia: siasa ni kujitolea, wazee wetu wa TANU walitembea na baiskeli kuuza kadi na hawakulipwa. Ni kweli. Ila mnasahau nusu ya hadithi. Nyerere mwenyewe aliacha ualimu wake pale Pugu mwaka 1955 ili aifanye kazi ya TANU. Aliyewaambia wenzake wajitolee alikuwa ameanza yeye. Mbunge wa leo ana mshahara, ana posho ya kikao, na miaka mitano ikiisha ana kiinua mgongo. Kujitolea gani huku kunakoishia mlangoni kwa balozi wa nyumba kumi?

Halafu kuna jambo jingine ambalo linanichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Mwaka 2024 CCM ilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya vijiji, mitaa na vitongoji. Mwaka 2019, wapinzani wakuu walipojitoa kulalamikia wagombea wao kuenguliwa, ilikuwa zaidi ya asilimia 99. Uchaguzi wenyewe uko chini ya TAMISEMI, na wasimamizi ni wakurugenzi wa halmashauri, wateule wa Rais ambaye pia ni mwenyekiti wa chama kinachoshinda. Kisha unamsikia mheshimiwa jukwaani akimshukuru msimamizi wa uchaguzi! Umewahi kumsikia kocha wa Simba au Yanga akimshukuru refa baada ya kushinda?

Wapinzani nao wasicheke sana. Makamanda wenu wanaoenguliwa kwa dosari za fomu, wanaopigwa, wanaolala mahabusu, nao huishia kupewa asante ya jukwaani. Chadema ilisema mwaka 2024 kwamba wanachama wake watatu waliuawa. Kwa mambo mazito kiasi hicho, wanaobaki nyuma wanataka kumuona wakili mahakamani na mtu wa chama mlangoni kwao miezi sita baadaye, kamera zikiwa hazipo.

Oktoba 29, 2025 ukaja Uchaguzi Mkuu. Vifo vya siku zile sitavichanganya na habari ya posho, vinastahili makala yake. Ninachosema ni kwamba mabalozi na wenyeviti walewale walitumwa tena nyumba kwa nyumba, na wabunge wakaapishwa Novemba. Sasa wako Dodoma, mahali ambapo sheria na bajeti hupitishwa. Mwenye shukrani za kweli anaweza kusimama pale akadai posho ya mwenyekiti wa mtaa iandikwe kwenye sheria, iwe na kiwango, ilipwe na Hazina kila mwezi, na barua itolewe bure. Hotuba hiyo sitahitaji bahasha kuiandika.

Mpaka hapo, mheshimiwa akiniita tena kwenye mkutano wa shukrani nitakwenda, na nitakuwa na swali moja tu kabla ya pilau: mawakala wako walikuwa wangapi, na kila mmoja ulimpa shilingi ngapi?